Mkanda mmoja, siku kumi na mbili: kutoka Busia hadi Katwe

Jioni kabla ya kuondoka

Nyumbani kwetu Busia, upande wa Uganda, kuna picha moja tu ya bibi yangu mzaa baba. Amesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, amevaa gomesi nyeupe, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda. Mikunjo ya gomesi inahesabika. Mshipi wa kiunoni unaonekana hadi nyuzi zake. Uso hauonekani. Palipo uso pana doa jeusi, na ndani yake weupe wa macho. Bibi alifariki kabla sijazaliwa, na ndugu zake walio hai hawakubaliani alifanana na nani.

Baba alikuwa mpiga picha wa studio maisha yake yote ya kazi. Hakuniambia kamwe kwamba aliingia kazi hiyo kwa sababu ya doa lile, lakini mimi naamini hivyo. Alichokuwa akiniambia, tangu nikiwa msichana wa kumshikia taa, ni maneno manne: "Pima uso. Nguo itajijua."

Alituacha mwaka juzi. Mimi nimebaki na studio, ambayo siku hizi inaishi kwa picha za pasipoti na harusi, zote za kidijitali, zote za rangi. Nimebaki pia na kamera yake ya Pentax K1000. Ni kamera ya chuma, nzito. Betri yake ni ya kusukuma sindano ya kupimia mwanga tu. Ikifa, kamera inaendelea kufanya kazi. Kiwandani walizitengeneza kuanzia 1976 hadi 1997, na mafundi wa huku bado wanazifungua na kuzifunga macho yakiwa yamefumbwa.

Nimenunua mkanda mmoja kutoka Nairobi, Ilford HP5 Plus, picha 36, nyeusi na nyeupe. Nitatoka mpaka wa mashariki niende karibu na mpaka wa magharibi, siku kumi na mbili, picha tatu kila siku. Siku ikipita na picha haijapigwa, imepotea, haihamii kesho. Na kila uso nitakaoupiga niupime wenyewe.

Siku ya 1, Busia

Nimeanzia hapa hapa. Hii ndiyo barabara iliyoipa dunia neno boda boda: waendesha baiskeli waliwavusha watu na mizigo katikati ya vituo viwili vya mpaka, wakiita abiria kwa jina la safari yenyewe, "boda, boda". Leo ni pikipiki tupu. Baiskeli zimebaki chache, za kubebea kreti za soda na magunia.

Mzee mmoja bado anayo ya kwake, imefungwa mpira wa tairi kwenye kiti cha nyuma. Nilimsalimia, nikamweleza.

"Picha ya nini, mwanangu?"

"Ya kumbukumbu, mzee."

"Basi ngoja nivae shati."

Alirudi na shati jeupe lililopigwa pasi, vifungo hadi shingoni. Moyo ulinidunda. Ngozi yake ni nyeusi ya kweli, ile inayong'aa samawati kwenye kivuli, na shati lile lilikuwa kama karatasi mpya. Ndiyo picha ya bibi yangu tena, asubuhi ya kwanza.

Tulisogea kwenye baraza ya duka, chini ya bati, ambapo mwanga hauji kutoka juu bali unarudi kutoka barabarani. Niliielekeza kamera kwake nzima kwanza, kwa kasi ya 1/250 ya sekunde, ili nijue sindano itasemaje. Ikasema f/11, yaani tundu la lenzi liwe dogo: namba ikipanda, mwanga unaoingia unapungua. Kipimo cha kamera hakijui mtu wala shati. Kinadhani kila kitu mbele yake ni kijivu cha katikati, kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Kikiona weupe mwingi kinashtuka na kukuambia ufunge lenzi. Nikanyoosha mkono wangu kwenye mwanga ule ule uliokuwa usoni pake, nikapima mgongo wa kiganja, maana ngozi zetu hazitofautiani sana. Sindano ikasema f/4. Nikafunga hatua moja, yaani nikapunguza mwanga kwa nusu, kwa sababu ngozi yetu si kijivu cha katikati, ni nyeusi kuliko hapo na inastahili kubaki nyeusi. Nikapiga kwa f/5.6.

Kutoka 11 hadi 5.6 ni hatua mbili. Hatua mbili hizo ndizo zilizommeza bibi.

Picha ya pili nilipiga mikono yake kwenye usukani. Ya tatu, baiskeli peke yake, imeegemea ukuta. Getini mpakani sikuinua kamera; hilo kila mtoto wa Busia analijua.

Siku ya 2, njiani kwenda Jinja

Taksi ya watu kumi na wanne, tukiwa zaidi. Malori yamejipanga kilomita na kilomita. Nilipiga kivuli cha lori, madereva wawili wakinywa chai chini ya trela, na mtungi. Sina la kusema zaidi kuhusu leo. Nilikuwa na haraka, na ninahisi picha zitasema hivyo.

Siku ya 3, Masese

Saa kumi na mbili na robo nilikuwa ufukweni, kukiwa bado giza. Masese ni mwalo wa wavuvi hapa Jinja, na kinacholeta watu ni mukene, dagaa wa Ziwa Viktoria. Huvuliwa usiku kwa taa, na jua likichomoza huwa tayari wanamwagwa kwenye nyavu chini na kutandazwa.

Nilikuja nikidhani nitapiga mitumbwi. Sikuipiga hata mmoja. Jua lilipotoka juu ya maji, likiwa limelala kabisa, uwanja mzima uliwaka. Kila dagaa ni kioo kidogo. Kwa macho ya kawaida ungeona fedha, na kahawia ya udongo, na buluu ya turubai, na kanga za kina mama, na macho yangekimbia huku na huku. Nilifumba jicho moja na kujilazimisha kuona mwanga na kiza tu. Hapo ikabaki nuru iliyomwagika chini na miili ya wanawake walioinama ikipita juu yake na mafagio, wakigeuza samaki taratibu.

Nilikaa na mama mmoja kwa muda wa saa nzima bila kugusa kamera. Alinionyesha jinsi ya kujua dagaa aliyekauka: unamvunja, unasikiliza. Akivunjika kwa sauti, amekauka. Akijikunja, rudisha. Mchanga ni adui wake mkubwa, kwa sababu mnunuzi anautambua kwa ulimi, na wa kwenye nyavu hupata bei nzuri kuliko wa kwenye udongo mtupu.

Uso wake nilimpiga akiwa ameligeuzia jua kisogo. Hapo kamera ingedanganya kuliko Busia. Nilipima mkono wangu kwenye kivuli cha mwili wangu mwenyewe, nikaacha samaki nyuma yake waungue weupe wanavyotaka. Nguo itajijua, na samaki pia.

Alipoinuka aliniuliza, "Umemaliza? Tatu tu?" Nilimwambia tatu tu. Akacheka, akasema dagaa wa namna hiyo hawamlishi mtu.

Siku ya 4, Kampala

Asubuhi tulivuka Nile kwenye daraja jipya, lile la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018. Kondakta aliniona na kamera mapajani akaniambia, "Dada, hiyo weka ndani ya begi." Wanajeshi wanaolinda hapo hawapendi kamera. Nikaiweka.

Mchana ulikuwa mbaya, na nitauandika kama ulivyokuwa.

Old Taxi Park, kituo cha mabasi madogo, saa nane. Watu, magari meupe yamebanana kama punje za mahindi, kelele. Nilishikwa na pupa. Mpagazi mmoja alikuwa anapita na fungu la mitumba kichwani, shingo imesimama, jasho limechora mistari miwili shingoni. Sikumsalimia. Niliinua kamera, nikapiga. Picha ya kumi.

Alisikia mlio wa shata. Ile kamera ina mlio mzito. Akatua mzigo wake, jambo ambalo mpagazi halifanyi bure, kwa sababu kuutwisha tena ni kazi ya watu wawili. Akanijia na kunisemesha kwa Kiganda, na aliponiona natafuta maneno akageukia Kiswahili.

"Uliniomba?"

Nikasema hapana.

"Ifute."

Hapo ndipo niliposhikwa. Kwa kamera ya studio ningemwonyesha kioo, ningebonyeza, yangekwisha. Kwa mkanda hakuna cha kuonyesha wala kufuta. Nilimweleza kwamba picha iko ndani, kwenye giza, na siwezi kuitoa bila kuharibu za watu wengine. Nikamwahidi kwamba nikifika nyumbani na kusafisha mkanda nitaikata kwa mkasi bila kuichapisha. Alinitazama sana. Watu walikuwa wamesimama. Mzee mmoja pembeni alinong'ona kitu kuhusu Kiswahili changu. Kampala wapo wazee ambao wakisikia Kiswahili bado wanasikia askari wa miaka ya Idi Amin, na siwalaumu.

"Utaikata," akasema.

"Nitaikata, kaka. Nisamehe."

Vijana wawili wakamtwisha. Akaenda. Mbili zilizobaki sikuzipiga. Zimepotea, kwa kanuni niliyojiwekea mwenyewe, na kwa kuwa mkanda hauruki siku, niliziba lenzi kwa kifuniko, nikabonyeza mara mbili. Namba 11 na 12 zitakuwa giza.

Siku ya 5, Makumbusho

Sikutaka mitaa leo. Nilipanda hadi Makumbusho ya Uganda, Kitante. Nilikuja hapa mara ya mwisho 2019, na baba, kuona maonyesho ya picha za enzi ya Idi Amin. Zilikuwa zimechaguliwa kutoka kwenye hazina ya negativu takriban 70,000 zilizokaa kimya makabatini mwa shirika la utangazaji la taifa. Picha za wapiga picha wa serikali: hotuba, gwaride, michezo, wageni wakishuka ndege. Waliouawa hawamo. Waliotoweka hawamo. Kamera ilikuwepo kila mahali, ila haikuelekezwa huko.

Nakumbuka baba hakusoma maelezo ukutani. Alikuwa anatembea kutoka picha hadi picha akiwa ameweka pua karibu na kioo, akitazama watu wa nyuma, wale waliosimama safu ya tatu wakipiga makofi. "Huyu alipimwa vizuri," akasema mahali pamoja. Mahali pengine akatikisa kichwa tu.

Leo ukumbi ule una vitu vingine. Nilikaa kwenye nyasi nje, na nilipofuta kamera niliona vidole vyangu vina nta nyeusi. Sponji inayoziba ukingo wa mlango wa nyuma imeoza, kama inavyooza katika kila kamera ya umri huu. Mwanga unaweza kuwa unaingia tangu Busia. Sikuweza kufungua. Nilinunua utepe mweusi wa mafundi umeme, nikazungushia mlango wote, na tangu hapo kamera inafanana na mgonjwa aliyefungwa bandeji.

Picha tatu: mti, ngazi, mlinzi wa bustani, ambaye nilimwomba.

Siku ya 6

Mvua mchana kutwa, japo ni Januari. Nilipiga paa, dirisha na paa.

Siku ya 7, Bombo

Kilomita 35 hivi kaskazini mwa Kampala, barabara ya Gulu. Wanubi wa hapa ni wazao wa askari wa Equatoria, kusini mwa Sudan ya zamani, ambao ofisa Mwingereza Lugard aliwachukua karibu na Ziwa Albert mwaka 1891, na mji umebaki na sura ya kambi na msikiti. Nilisema "Salamu alekum" getini kwa watu, nikajibiwa, halafu mazungumzo yakaendelea kwa Kiswahili bila mtu kunitazama mara mbili. Baada ya Kampala nilikaribia kulia. Serikali imekikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi, baraza la mawaziri lilipitisha Julai 2022, lakini hapa hawakusubiri barua.

Kina mama walikuwa wanasuka vikapu na vifuniko vya chakula, mkekani, chini ya mwembe. Nyekundu, kijani, zambarau, njano kali. Yule mkubwa wao aliichukua kamera, akaigeuza, akaniuliza kama ni ya rangi.

"Hapana, mama. Nyeusi na nyeupe."

"Ee! Sasa rangi zetu utazipeleka wapi?"

Swali la haki kabisa. Nyekundu ya kifuniko chake na kijani iliyokaa kando yake, kwenye mkanda huu, ni kijivu kimoja. Nakshi yote aliyoihesabu uzi kwa uzi inayeyuka. Nilimwambia ukweli huo. Kisha nikakumbuka kichujio cha rangi ya chungwa ambacho baba alikitumia kuyatokeza mawingu angani. Kikivishwa lenzi, kinapitisha nyekundu na kuzuia kijani, hivyo nyekundu inapauka na kijani inazama. Kinakula hatua mbili za mwanga, lakini mwanga ulikuwepo. Nilimpa atazame kupitia kichujio chenyewe, mkononi. Akakisogeza mbele ya kifuniko, akakitoa, akakisogeza tena.

"Ua limerudi," akasema, na kile kioo kikazunguka mkeka mzima, kila mmoja akiangalia kazi yake.

Picha ya 19 ni kifuniko kupitia chungwa. Ya 20 ni mikono: sindano, uzi, kidole gumba kilichofungwa kitambaa. Ya 21 ni yeye, bila kichujio, nimepima shavu. Nilikula wali na nyama kwao, na nikaondoka magharibi imeshaadhiniwa.

Siku ya 8, Kayabwe na Masaka

Ikweta. Basi lilisimama watu wakapige picha kwenye duara lile jeupe. Saa sita na nusu, jua utosini, na jua la utosini ni adui wa uso: macho yanageuka mashimo mawili. Hakuna kipimo kinachotibu hilo isipokuwa kungoja au kutafuta kivuli. Nilipiga vivuli vya watu, vifupi, vimejikunja miguuni mwao kama mbwa. Moja ikatosha. Mbili nilizipiga Masaka jioni, na ile ya kinyozi naitarajia sana.

Siku ya 9, kushuka bondeni

Kutoka Mbarara kupitia Ishaka barabara inakwenda juu, migomba na chai, halafu ghafla ardhi inaanguka na unaona bonde la ufa lote, limejaa ukungu wa vumbi. Ng'ombe wa Ankole njiani, pembe nyeupe kuliko mawingu. Mchungaji alitaka nipige ng'ombe, si yeye. Nilitii. Daraja la Katunguru, mfereji wa Kazinga chini, viboko. Nililala Kasese.

Siku ya 10, Kasese

Reli ilifika hapa 1956, kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Sasa nyasi zimefunika mataruma na mbuzi wamelala kwenye jukwaa la abiria. Mtu aliyefanya kazi migodini alinisimulia kwa Kiswahili safi cha migodini, chenye maneno ya Kongo ndani yake, jinsi filimbi ya treni ilivyokuwa saa ya mji. Alisimama pale treni ilipokuwa ikisimama, bila mimi kumwambia. Jua lilikuwa la saa kumi na moja, la ubavuni. Hizo tatu zote ni zake, namba 28 hadi 30, na sikuhisi nimepoteza hata moja.

Siku ya 11, Katwe

Nilifika saa moja asubuhi, na harufu ilitangulia ziwa: yai viza. Katwe ni ziwa la kreta, maji yanaingia na hayana pa kutokea, jua ndilo linaloyanywa. Pembezoni watu wamegawa vidimbwi kwa matope na miti, vimepangana kama vyumba, kila kimoja kina mwenyewe. Maji ya chumvi yanawekwa humo yakauke, na chumvi inatuama chini, inazolewa. Katikati ya ziwa wanaume wanavunja mwamba wa chumvi kwa mitaimbo na kuusogeza ukingoni kwa vyelezo. Ile ya kijivu huenda kwa mifugo. Juu kuna mabaki ya kiwanda kilichojengwa na Wajerumani. Mabomba yake yaliliwa na chumvi ile ile kiliyokuja kuitengeneza, na watu wakabaki na majembe yao.

Kila kitu pale ni cheupe au cheusi. Mpiga picha wa mkanda kama wangu angedhani amefika peponi. Mimi niliogopa. Sijaona mahali ambapo weupe ni mwingi hivi na nyuso ni nyeusi hivi.

Mama mmoja alikuwa anazoa, maji yamemfika magotini. Nilisimama ukingoni, nikamsalimia, nikangoja. Hakuinua kichwa.

"Wewe umekuja kupiga miguu?"

Sikuelewa.

"Wanakuja, wanapiga miguu yetu. Miguu tu." Akauinua mguu mmoja kutoka majini, akanionyesha. Kisigino kimepasuka mistari mistari, ndani ya mipasuko kumekaa weupe. Akaurudisha. "Halafu wanakwenda."

Nilimwambia nimekuja kupiga mtu, akipenda, na asipopenda nitakwenda. Nilimwuliza kama angepigwa picha, angependa ipigwe vipi. Aliendelea kuzoa. Akamimina karai lake juu ya lundo, maji yakachuruzika, akalipigapiga lundo kwa kiganja likae sawa kama mtu anayempapasa mtoto alale. Dakika nyingi zilipita.

"Njoo kesho," akasema. "Mapema. Nitavaa."

Picha za leo ni lundo lile, karai, na alama ya kiganja chake kwenye chumvi.

Siku ya 12, Katwe

Alikuja amevaa gomesi.

Sitaficha kwamba magoti yalilegea. Haikuwa nyeupe, ilikuwa ya maua, mabega yamesimama, mshipi unameremeta. Viatu alivivua ukingoni akaviweka juu ya gunia. Alikaa juu ya magunia yake mawili yaliyojaa, mikono mapajani, mgongo wima, chumvi mbele yake na nyuma yake hadi majini.

Saa mbili kasorobo. Kamera nzima ilisema f/16. Nikamwomba ruhusa nisogee, na safari hii sikupima mkono wangu. Nilipima shavu lake, karibu kabisa, hadi uso ukajaza kitazamio chote. Ikasema f/5.6. Nikafunga hatua moja, f/8. Kutoka 16 hadi 8 ni hatua mbili, zile zile za Busia.

Niliporudi nyuma kupiga ndipo nilipoona kitu ambacho baba hakuwahi kuniambia, pengine kwa kuwa hakufika Katwe. Chumvi ilikuwa inammulika. Jua lilikuwa upande wake wa kushoto, lakini kutoka chini, kutoka kwenye malundo na kwenye ardhi yenyewe, mwanga mwingine laini ulikuwa unapanda na kuingia chini ya nyusi zake, pembeni mwa pua, kwenye mistari ya mdomo. Mahali ambapo jua huacha mashimo, palikuwa na nuru. Studio yetu haijawahi kuwa na taa kama ile.

Namba 34. Namba 35, alipogeuka kidogo kumwangalia mtu aliyemwita. Namba 36 nilimpa aipige yeye. Akanipiga mimi, nimesimama kwenye chumvi, na sijui alipima nini.

Busia, wiki moja baadaye

Maji ya bombani hapa yana joto, nyuzi 26 au 27, na dawa inataka 20. Nilinunua barafu kwa muuza soda. Taa nimezima zote; mkanda haujui hata taa nyekundu, unataka giza kamili. Nikauingiza kwenye tanki kwa vidole. Dakika saba na nusu, nikiligeuza tanki mara nne mwanzoni mwa kila dakika. Halafu dawa ya pili, halafu maji, maji mengi.

Niliutundika kwenye kamba ya baba kwa kibanio cha nguo, kingine chini uvutike.

Mwanga uliingia kweli. Umepita mstari kwenye namba 1, umekata gurudumu la baiskeli ya mzee. Uso wake haukuguswa. Baada ya utepe hakuna mstari. Za siku ya pili ni dhaifu, kama nilivyohofia. Kinyozi wa Masaka ametikisika. Bombo, ua limekaa.

Ulipokauka nilichukua mkasi nikakata namba 10. Kwa kuwa 9 na 11 zimepakana nayo, nilikata polepole, na nikaitia jikoni kwenye makaa bila kuinyanyua kwenye mwanga. Iliungua haraka, na moshi mchungu.

Kisha nikaitazama 35 juu ya balbu. Kwenye negativu mambo yamepinduka: chumvi ni nyeusi tii, na uso wake ni wazi, karibu kama kioo. Hapo ndipo pa kuogopa. Uwazi ukizidi, hakuna kitu ndani, na ukichapisha unapata doa. Nilichukua kioo cha kukuzia cha baba. Pembeni mwa jicho kulikuwa na mistari mitatu. Chini ya shavu, kovu dogo ambalo sikuliona nilipokuwa mbele yake.

Usiku nilichapisha moja, kwenye karatasi ya mwisho ya boksi lake. Ninaiandika hii ikiwa inakauka ukutani, chini ya bibi. Nimeshaongea na dereva anayekwenda Kampala alfajiri. Atampa mwenzake wa basi la Kasese, na kondakta wa Katwe anamjua mama. Bahasha nimeweka kadibodi mbili ndani, isikunjike.